Gego la Kushoto, Chini

Walimleta ndani ya gunia la korosho,
chapa ya chama cha msingi bado inasomeka,
na afande akalitua mezani pangu polepole
kama aliyebeba mayai.
"Daktari wa mifupa yuko Ndanda mpaka Alhamisi.
Tumeambiwa wewe unajua meno."

Mimi tabibu wa meno, Newala,
chumba namba saba, kiti kinachogoma kushuka.
Nimezoea vinywa vinavyotema, vinavyolia,
vinavyouliza kama sindano itauma.
Hiki hakikuuliza kitu.

Wakata kuni walimkuta chini kabisa, Shimo la Mungu,
ambako jicho hufika Ruvuma na ng'ambo yake
lakini mguu haufiki bure.
Masika mawili yalikuwa yamemwosha.

Nje, familia mbili kwenye benchi moja,
kila moja imeshika ncha yake.
Akina Nangumbi wa Kitangari:
"Mfaume wetu alivunjika paja, akipogolea mikorosho."
Akina Likandilo wa Mnyambe:
"Bakiri wetu naye paja. La kulia. Pikipiki."

Paja tuliliona sote.
Limeunga likiwa limepinda kama mpini wa jembe la zamani,
na pale lilipokutana, fundo,
gumu, limelainika juu:
si plasta hiyo, si chuma.
Akaitwa Bi Somoe wa Mkunya, muunga mifupa.
Aliupapasa amefumba macho.
"Huu mkono wangu," akasema.
"Ila wote wawili niliwafunga mimi,
mwaka mmoja, vijiti vya mwanzi vilevile,
na wote wawili walinikaidi, wakainuka kabla ya siku."
Akacheka kidogo. Akanyamaza.
Akaliomba radhi gunia.

Yakabaki meno.

Nikawasha taa, nikahesabu kwa kidole,
kutoka mbele kwenda nyuma.
Kushoto, chini, gego la pili: bovu,
limetoboka hadi kwenye mzizi.
Mbele yake pengo, la miaka mingi,
mfupa ulishajijaza.
Nani huyo, nikawaza, ang'oe jino zima
aliache bovu limesimama pembeni?
Mikono yangu ilijua kabla yangu.

Juni, mwezi wangu wa kwanza kazini.
Umeme umekatika, muuguzi ananimulikia kwa simu,
foleni imetoka mlangoni hadi kwenye bomba.
Nikavuta. Likatoka.
Kijana akalitazama kwenye kisahani,
jeupe kama nazi.
"Dada, hili halikuwa linauma."
Nilipoanza kulia, akanipa leso yake,
yeye ambaye damu ilikuwa ikimtoka.
"Leo moja latosha," akasema. Hakurudi.

Mkuu wangu aliniambia, "Futa. Andika bovu."
Sikufuta.

Daftari lilikuwa stoo, chini ya maboksi ya glavu.
Mchwa walikuwa wamekula Januari, Februari, nusu ya Machi.
Juni ilikuwapo.
Wino wa buluu, mwandiko wangu wa kitoto:
*Mfaume Nangumbi. Gego la kwanza, kushoto, chini.
Lilikuwa zima. Kosa langu.*

"Kumbe jino nalo hutoa ushahidi," afande akasema,
akiandika.

Nikatoka na daftari hadi kwenye benchi
nikalisoma kosa langu kwa sauti, mbele ya watu.
Akina Likandilo waliinuka bila kujua
washukuru au walie;
wakaenda na yule wao, ambaye bado hana mahali.

Mama Nangumbi hakuinuka.
"Kumbe ni wewe," akasema.
"Alitusimulia. Alikuwa akikuigiza unavyolia,
tunacheka mpaka ugali unapoa."
Akanishika kiganja, akakigeuza,
kama anayetafuta kitu alichokiangusha.
"Na lile bovu," akauliza,
"liliendelea kumuuma?"

Nilikuwa nimeliona tundu. Nilikuwa nimeona mfupa
ulivyoliwa na usaha chini yake.

"Hapana, mama," nikasema.

Hilo sikuliandika popote.